Pili ni Siku Gani? Maneno ya Mpangilio kati ya Nakivale na Mbarara

Neno tunalotaka kulijadili katika makala haya ni pili. Wengi wa wasomaji wa jarida hili wanalifundisha katika wiki ya kwanza au ya pili ya somo (tunaomba radhi kwa kulitumia kabla ya kulieleza), na kwa kawaida halichukui zaidi ya dakika tano ubaoni: moja hugeuka kuwa kwanza, mbili hugeuka kuwa pili, na kuanzia tatu kwenda mbele hakuna kinachogeuka. Wanafunzi huandika, mwalimu hufuta ubao, somo huendelea. Sisi nasi tulifanya hivyo kwa miaka mingi hapa Mbarara, na tungeendelea kufanya hivyo kama si jambo lililompata mwanafunzi wetu mmoja wa Nakivale.

Mwanafunzi huyo ni mama wa watoto watatu kutoka Kivu Kusini. Kiswahili amezaliwa nacho, Kifaransa anakijua vizuri, na Kinyankole alijifunza sokoni. Alikuja katika darasa letu la Kiswahili sanifu kwa sababu moja tu: alitaka kazi ya ukalimani. Nafasi ikatokea. Ofisi iliyokuwa ikitafuta wakalimani ilipiga simu kumwita kwenye usaili, lakini simu yake haikuwa na chaji, hivyo wakapiga kwa jirani yake, mzee wa Kirundi ambaye hukaa naye ukuta kwa ukuta. Ofisi ilisema Jumanne. Mzee akapokea ujumbe, akautunza kichwani hadi jioni, akamfikishia jirani yake kwa uaminifu wote: "Mama, wamesema siku ya nne."

Mama akafika siku ya nne. Ilikuwa Alhamisi. Orodha ilikuwa imefungwa tangu juzi yake.

Alipotusimulia hakulia wala hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwalimu, leo njo siku ya ine, ama hapana?" Tukahesabu naye kwa vidole, kuanzia Jumatatu, tukaona kwamba kweli leo ndiyo siku ya nne. Tena tukahesabu kwa vidole vyetu wenyewe, kuanzia Jumamosi, tukaona kwamba Jumanne nayo ni siku ya nne. Mzee hakudanganya. Ofisi haikukosea. Mama hakuchelewa. Ila sisi tulikuwa tumemfundisha kuimba majina ya siku saba bila hata kumdokezea kwamba ndani ya majina hayo mna hesabu, na kwamba hesabu hiyo haianzi pale anapoanzia yeye.

Tuanze basi na neno lenyewe.

Mzizi wa pili ni ule ule wa mbili na -wili. Watu wawili, miti miwili, vitu viwili, nyumba mbili, siku ya pili: hao wote ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mwanafunzi mgeni akiwatazama usoni hawezi kuwatambua. Hapa Ankole tunayo bahati, kwa maana wanafunzi wetu wanaye ndugu mwingine nyumbani. Munyankole husema abantu babiri, ebintu bibiri. Mnyarwanda na Mrundi husema hivyo hivyo, na Muganda pia. Mzulu wa mbali kabisa kusini ana -bili. Tangu Carl Meinhof alipochapisha utafiti wake kuhusu sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, wanaisimu wamekuwa wakiziweka lugha hizi ubavu kwa ubavu na kuonyesha jinsi sauti moja ya kale ilivyobaki b huku ikawa w kule. Katika Kiswahili b ya kale iliyokuwa kati ya irabu ililegea: wabili ikawa wawili. Palipokuwa na king'ong'o mbele yake ikashikiliwa, ndiyo maana tuna mbili. Mwanafunzi wa Kinyankole akishaonyeshwa jambo hili mara moja tu, hasahau tena upatanisho wa -wili. Tumejaribu mara nyingi, na tunawashauri wenzetu wajaribu.

Kwanza ni habari nyingine kabisa, maana si namba. Ni kitenzi. Ni -anza pamoja na ku- ya mwanzo, ambayo zamani iliungana na irabu inayoifuata kama inavyoungana mpaka leo katika kwenda na kwisha. Leo tunasema kuanza, lakini umbo la kale limeganda ndani ya neno la mpangilio na halitoki. Kwa hiyo "siku ya kwanza" maana yake halisi ni "siku ya kuanza", na "mtu wa kwanza" ni "mtu wa kuanza". Neno lenyewe halisemi lolote kuhusu moja. Wale wanaosherehekea Kwanzaa huko Marekani, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, walilichukua kutoka katika maneno "matunda ya kwanza" wakaliongezea a moja ili lifikishe herufi saba, na huenda hawajui kwamba wanaadhimisha kitenzi.

Tabia hii ya kukwepa moja wakati wa kupanga si ya Kiswahili peke yake. Kinyankole husema orwokubanza kwa Jumatatu, na kubanza ni kutangulia au kuanza. Neno kwa neno ni sawasawa na letu. Kinyarwanda hutumia mbere, yaani mbele. Kilingala kina liboso, ambalo nalo ni mbele. Waingereza nao wana neno lao la wa kwanza ambalo halifanani hata kidogo na neno lao la moja, bali lina undugu na neno la mbele. Tena wao wanatupita, kwa kuwa hata wa pili wao hauna uhusiano na mbili: waliuazima kwa Walatini kupitia Kifaransa, na asili yake ni kufuata. Wa pili kwao ni yule anayefuata. Kwetu wa pili ni wa mbili, akihesabiwa waziwazi.

Hapa ndipo tunapotaka kuwatetea wanafunzi wetu wa Kikongo. Husema "ya mbili" mahali tunaposema "ya pili", na walimu wengi hulitia alama nyekundu bila kufikiri. Lakini tazama Kiswahili sanifu chenyewe kinavyofanya kikifika mbele kidogo. Tunasema darasa la kumi na moja; hakuna anayesema darasa la kumi na kwanza. Tunasema mwezi wa kumi na mbili, na "kumi na pili" huisikii ila kwa nadra. Kwanza na pili ni wafalme wa mtaa mdogo. Wakivuka kumi hakuna anayewatambua, namba za kawaida hurudi kushika kazi. Mkongo anachofanya ni kuirudisha mbili kazini mapema zaidi. Kifaransa alichosomea shuleni humfunza vivyo hivyo: lipo neno la pekee kwa wa kwanza, kisha kuanzia wa pili namba yenyewe huongezewa kiambishi mwishoni, na wa ishirini na moja haruhusiwi kulitumia lile neno la pekee. Sisi hatusemi "ya mbili" ikubaliwe katika mtihani. Tunasema tu kwamba anayesema hivyo ana sarufi, tena sarufi iliyonyooka kuliko yetu.

Kuna neno la tatu ambalo hatuwezi kuliruka, nalo ni mosi. Hili ndilo moja la zamani, au tuseme ndugu mkubwa wa moja. Wakongo wanaotoka upande wa magharibi wa nchi yao, kwenye lugha ya Kikongo, hulishangilia wakilisikia, kwa sababu kwao mosi ndiyo moja ya kila siku. Katika Kiswahili limebaki mahali palipokauka: Mei Mosi, tarehe mosi, kumi na mosi katika vitabu vya mtindo wa zamani, Jumamosi, Mfunguo Mosi. Pwani na bara wapo pia kina mama wanaoitwa Mosi, Pili na Tatu. Lakini desturi ya kumwita mtoto kwa zamu yake haikuanzia pwani wala haikuishia huko. Orodha yetu ya mahudhurio ya Nakivale imejaa namba. Wanyankole wana Kakuru na Kato kwa mapacha, na Warundi wana Bukuru na Butoyi. Nyandwi kwa Warundi ni mtoto wa saba na Minani ni wa nane. Siku moja tulimwuliza Minani wetu kama kweli alizaliwa wa nane, akajibu kwamba yeye ni wa nane kwa mama, ila kwa baba hajawahi kuhesabu.

Turudi kwenye Jumamosi, maana ndiko tatizo lilikozaliwa.

Watu wa pwani walipopokea Uislamu walipokea pia Ijumaa kama siku ya kukusanyika, na wiki yao ikakunjwa kuizunguka siku hiyo. Neno juma lenyewe likawa na maana ya wiki. Ijumaa ikipita, hesabu inaanza: juma mosi, juma pili, juma tatu, juma nne, juma tano. Hizo ni siku tano, zote kwa namba za Kibantu, isipokuwa kwamba namba ya kwanza ni mosi na wala si kwanza, jambo linaloonyesha kwamba hapa watu walikuwa wanahesabu kweli, hawakuwa wanasema "siku ya kuanza". Halafu ghafla hesabu inakatika. Baada ya juma tano tungetegemea juma sita, lakini inaingia Alhamisi, ambayo ni Kiarabu, nayo maana yake ni ya tano.

Mwarabu haanzi Jumamosi. Yeye huanza Jumapili, ambayo huiita ya kwanza, na Jumatatu ni ya pili, mpaka afike Alhamisi ambayo ni ya tano. Kwa hiyo Mswahili kila wiki hupita siku ya tano mara mbili mfululizo, Jumatano kwa hesabu yake na Alhamisi kwa hesabu ya kuazima, na wala hajikwai. Tumewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, wenye Kiswahili kizuri kabisa, kama wamewahi kuliona jambo hili. Kati ya darasa zima walikuwa wawili.

Ukitaka kujua kwamba kuanza baada ya kitu kitukufu ni desturi ya Waswahili wala si ajali, tazama miezi. Mwezi unaofuata Ramadhani kwa Kiarabu ni Shawwal, lakini pwani ni Mfunguo Mosi, yaani wa kwanza tangu kufungua. Unafuata Mfunguo Pili, na Mfunguo Tatu ambao ndio wa Hija, hadi Mfunguo Tisa. Kisha namba zinakoma na majina ya Kiarabu yanarudi: Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Sura ni ile ile ya wiki. Namba za nyumbani hutangulia, na kitu kitukufu kinapokaribia majina ya kuazima hushika nafasi. Hata saa zetu ziko hivyo. Saa moja si saa inayofuata usiku wa manane. Ni saa inayokamilika baada ya jua kuchomoza, na nyingine baada ya jua kuzama. Mswahili huhesabu kilichopita tangu jambo fulani kutokea.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Katika nchi za maziwa makuu wiki ya siku saba ilienea hasa pamoja na misheni na kazi za serikali, na wiki hiyo ilianza siku ya kurudi kazini. Waganda waliiita Jumatatu Bbalaza, neno linalotokana na baraza letu la Kiswahili. Jumanne ikawa Lwakubiri, ya pili. Kinyankole kina Orwokubanza, Orwakabiri, Orwakashatu, Orwakana, Orwakataano, na Orwamukaaga ambayo ni Jumamosi, yaani ya sita. Mnyarwanda na Mrundi wana ku wa mbere, ku wa kabiri, ku wa gatatu, ku wa kane, ku wa gatanu, ku wa gatandatu. (Mwanafunzi wa fonolojia asiache kutazama ka- na ga- katika mfululizo huo. Kiambishi ni kimoja. K hugeuka g pale ambapo konsonanti inayofuata haina ghuna, kama kanuni ya Dahl inavyosema. Ndiyo maana kabiri na kane zimebaki na k zao. Tumekuwa tukiwatumia Warundi wetu kama vielelezo vya kanuni hii na wao hufurahi sana kugundua kwamba walikuwa wanaifuata bila kuambiwa.)

Wakristo wenyewe walikuwa na sababu ya kuanza Jumapili, maana ndiyo siku ya kwanza ya juma katika Injili. Wasabato nao huiita Jumamosi siku ya saba. Hata hivyo Mrundi Msabato huamka siku ya sita kwa lugha yake na kwenda kuabudu siku ya saba kwa imani yake, na hatujamsikia akilalamika.

Kongo ya mashariki ni kisa cha pekee. Kiswahili kilifika Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara ya watu wa pwani, akina Tippu Tip, lakini wiki inayosikika leo katika vinywa vya watu wengi wa Katanga na Kivu si ile ya Ijumaa. Ni wiki ya kazi: siku ya kwanza, siku ya pili au ya mbili, siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tano. Kisha inakuja siku ya posho, ambayo ni Jumamosi, kwa kuwa katika kambi za wafanyakazi wakati wa ukoloni hiyo ndiyo siku watu walipogawiwa chakula cha wiki. Siku inayofuata ni ya Mungu, na wengine huiita yenga. Kilingala kililichukua neno hilo hilo la posho likawa mposo, likatumika kwa Jumamosi na kwa wiki nzima.

Neno posho linastahili makala yake, na tunaahidi kuyaandika. Kwa sasa tuseme tu kwamba Nakivale ni mahali ambapo maana zake zote hukutana. Mkongo akisema posho anaweza kumaanisha siku. Munyankole akisema posho anamaanisha ugali. Mtanzania, na mpaka wa Tanzania hauko mbali na hapo, anamaanisha fedha ya kujikimu safarini. Zote hizo ni matawi ya kitu kimoja, mgao anaopewa mtu anayeishi mbali na shamba lake, na katika makazi ambayo watu wengi wamekuwa wakisubiri mgao kwa miaka, hakuna anayehitaji kamusi kuelewa.

Kwa wasomaji wasioijua Nakivale: ni makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro, wilaya iliyomegwa kutoka Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na yamekuwa yakipokea watu tangu hapo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, zaidi ya watu laki moja. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao wanaposimama kwenye foleni. Ni Kiswahili cha namna nyingi, na ndani yake mna wiki nyingi.

Hebu tuzipange. Mtu wa pwani akisikia "pili" katika majina ya siku, ni Jumapili. Msomali, ambaye siku zake amezitoa kwa Waarabu, siku yake ya pili ni Isniin, yaani Jumatatu. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Munyankole, siku yao ya pili ni Jumanne. Siku tatu zinazofuatana, zote ni za pili. Ukienda kwenye tano utakuta hivyo hivyo: Jumatano kwetu, Khamiis kwa Msomali, Ijumaa kwa Munyankole. Mwethiopia husimama upande wa Msomali, kwa kuwa Alhamisi kwa Kiamhari ni Hamus, na masikio ya Mswahili hayahitaji kuelezwa. Kutoka hesabu ya pwani hadi ya Waarabu ni kuruka siku moja. Kutoka hesabu ya pwani hadi ya maziwa makuu ni kuruka siku mbili, na ni mbili daima, kwa kila siku inayobeba namba. Yule mama alikosa usaili kwa siku mbili kamili. Kama jirani yake angekuwa Msomali, labda angefika Jumatano, akachelewa kwa siku moja.

Dunia nzima imegawanyika kwa jambo hili. Wareno huiita Jumatatu ya pili, kama Waarabu. Warusi wanalo jina la Jumanne linalotokana na ya pili, kama Wanyankole. Na asije mtu akadhani kwamba majina ya Kizungu ya miezi ni salama. Septemba ni mwezi wa tisa, lakini ndani yake mna saba ya Kilatini. Oktoba ni wa kumi na ina nane. Novemba ina tisa, Desemba ina kumi. Warumi wa kale walianza mwaka Machi. Mwanzo ulipohamia Januari, majina hayakuhama nao. Nayo pia yamepishana kwa mbili, sawasawa na Jumanne ya Nakivale. Tulipowaeleza wanafunzi jambo hili darasani, kijana mmoja wa Kirundi alisema kwamba kumbe hata Warumi walipokea simu ya jirani.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi walimu wa Uganda kwa karibu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi hii, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaeleza kwa sheria. Tarehe 5 Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kutekeleza agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutaka Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tumeshiriki mijadala mingi kuhusu hiyo "pili". Wapo wanaoisoma kama zamu, yaani Kiingereza kilitangulia na Kiswahili kimefuata. Wapo wanaoisoma kama cheo, kwamba kimoja ni bora na kingine ni msaidizi wake. Neno lenyewe, kwa asili yake, halina cheo. Ni mbili tu, na linahesabu. Cheo tumekitia sisi, kama tulivyokitia katika "daraja la pili" na "mke wa pili".

Vivyo hivyo tunaposema "lugha ya pili" katika ualimu. Vitabu vya mbinu za kufundishia vinamgawa mwanafunzi kati ya lugha ya kwanza na lugha ya pili kana kwamba hesabu inaishia hapo. Siku moja tulimpa kila mwanafunzi wa Nakivale karatasi aandike lugha zake kwa mpangilio. Wengi waliuliza swali ambalo hatukuwa tumelitayarishia jibu: kwa mpangilio gani? Wa kuzijua, au wa kuzitumia, au wa kuzipenda? Mama wa Kinyamulenge aliandika Kiswahili mahali pa pili kwa sababu ndipo alipojifunzia, akakifuta, akakiweka mahali pa kwanza kwa sababu hicho ndicho anachowasemesha watoto wake sasa. Karatasi yake tunayo mpaka leo, na alama za kufutwa zinaonekana.

Tumebadilisha nini? Majina ya siku hatuyafundishi tena kwa wimbo peke yake. Tunachora duara ubaoni lenye siku saba, tunamwita mwanafunzi mmoja wa kila lugha aweke kidole pale wiki yake inapoanza, kisha wote wanahesabu kwa sauti kwa wakati mmoja. Kelele yake ni kubwa, na wenzetu wa chumba cha jirani wamewahi kuja kuuliza kuna nini. Lakini baada ya hapo hakuna anayesema "siku ya nne" bila kuulizwa "ya nne ya nani?" Matangazo yetu ya Nakivale tunayaandika kwa jina la siku la Kiswahili, jina la Kinyankole, na tarehe kwa tarakimu. Kuhusu kupokea ujumbe kwa niaba ya mtu, tunawafundisha kurudia neno lile lile walilolisikia, wasilitafsiri. Mzee wa Kirundi naye alikuja kuhudhuria somo hilo, akakaa nyuma kabisa, na zoezi lilipofika kwake akasema "Jumanne" kwa sauti ya juu kuliko wote.

Yule mama aliitwa tena baada ya miezi kadhaa, safari hii kwa barua yenye tarehe, akafanya usaili. Sasa hivi ni mkalimani. Anatuambia kwamba jambo analolirudia zaidi kwa wageni si istilahi za sheria wala za tiba, bali ni siku.

Tulidhani kwa tarehe tumemaliza kazi. Muhula uliopita tulitangaza kwamba jaribio litakuwa tarehe 14 ya mwezi wa pili. Kijana wa Kiethiopia, mtulivu sana, mwaka wake ukianza Septemba kama ilivyo kwao, aliinua mkono akauliza kama ana muda wa kujiandaa hadi Oktoba.